Ndugu, Mheshimiwa au Shikamoo? Mstari mmoja wa barua unaowatoa watu jasho tangu Kilwa hadi Ringwani

Kijana yuko Mwanza. Ana kazi, ana chumba na sebule, ana simu mbili. Binti aliyempenda kwao ni Ringwani, kata iliyo upande wa Ngoreme, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Habari ya ng'ombe itazungumzwa na wazee baadaye. Kwanza wametaka barua. Si meseji wala sauti ya WhatsApp. Wametaka barua ya mkono, kwenye karatasi safi, ndani ya bahasha, iletwe na mshenga.

Amekaa mezani tangu magharibi. Anwani ameandika, tarehe ameandika. Sasa ni saa nne usiku na mstari wa salamu bado mweupe.

Shida ni kwamba baba wa binti ndiye mwalimu mkuu aliyemfundisha mpaka darasa la saba, na ndiye aliyemchapa viboko kwa kuchelewa namba. Halafu kijijini mzee huyo anahesabiwa kizazi kimoja na baba yake kijana. Sasa amwite nani? Akiandika "Ndugu", ataonekana anaomba kiwanja. "Mheshimiwa"? Mzee si mbunge. "Mpendwa Baba"? Kwani ameshakubaliwa? "Mwalimu"? Hapo kijana anajiona amerudi kuwa mwanafunzi, na mwanafunzi haoi.

Vijana wa namna hii wapo wengi, na mstari unaowashinda ni uleule. Wanaocheka hawajawahi kuandika barua ya posa. Barua hiyo husomwa kwa sauti mbele ya wajomba, mashangazi na majirani, na mtu mmoja pale lazima awe na kazi ya kutafuta kosa. Kosa likipatikana, faini. Salamu ikionekana ya dharau, bahasha inaweza kurudi na mshenga ilivyokuja.

Barua iliyosahauliwa darasani

Shuleni barua hufundishwa kwa mafungu mawili makubwa. Kuna ya kikazi, yenye anwani mbili, "Ndugu," kisha YAH, kisha ile sentensi ambayo kila Mtanzania aliyewahi kuomba kazi anaijua: husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Hakuna kuulizana hali. Ofisi haiumwi, haina watoto, haikulala vibaya.

Halafu kuna ya kirafiki, yenye anwani moja tu, ambayo nusu ukurasa wa kwanza ni salamu. Waliosoma miaka ya themanini na tisini wanaikumbuka kama wimbo: baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mtu aliandika hivyo hata kama anayeandikiwa yuko kijiji cha pili na walionana Jumapili kanisani.

Katikati ya hizo mbili kuna barua ambayo maisha huitaka mara nyingi na darasa huipitia juu juu. Mzazi anamwandikia mwalimu mkuu aombe muda wa kulipa mchango. Muumini anamwandikia padri. Mkulima anamwandikia mwenyekiti wa kijiji ambaye ni mjomba wake wa damu. Mpangaji anamwandikia mwenye nyumba. Anayeandikiwa ana cheo, lakini pia ana jina, umri, na mahali pake katika ukoo. Hiyo ndiyo barua ya nusu rasmi, na ugumu wake wote umejaa kwenye mstari wa salamu, maana pale ndipo mwandishi anapotangaza anamwona mwenzake kama nani.

Ringwani ugumu huo una uzito wa ziada. Kwa Wangoreme, kama kwa Wakurya jirani zao ng'ambo ya Mto Mara kule Tarime, heshima haikuwa ya kuhesabu miaka tu. Mtu huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, na vizazi hivyo viko katika pande mbili, upande wa Saai na upande wa Chuma. Aliye katika kizazi cha baba yako husalimiwa kwa heshima ya baba, hata kama wewe ndiye uliyetangulia kuota ndevu. Aliye katika kizazi cha babu yako unaweza kutaniana naye. Kwa hiyo mzee wa miaka sitini angeweza kumwinamia mtu wa hamsini na asijione amepungukiwa. Shikamoo ya Kiswahili inatazama zaidi nani amezaliwa kabla ya nani, wakati mfumo wa Mara uliuliza pia baba yako alikuwa wa kizazi gani. Sasa lete karatasi yenye neno moja, "Ndugu", uone mkono wa mtu ulivyo mzito.

Ilipoanzia pwani

Kuelewa salamu hizi za karatasi zilitoka wapi, lazima kushuka mpaka baharini kidogo, kisha kurudi ziwani.

Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na wenyeji waliokuwa upande wao, na leo zimehifadhiwa Goa, India, kwa sababu Goa ndiko kulikokuwa makao makuu ya Wareno wa Bahari ya Hindi. Fikiria waandishi wake. Mgeni wa mbali mwenye merikebu na mizinga si rafiki, si ndugu, lakini si ofisi ya kuandikiwa kikavu pia. Ni ubalozi ndani ya karatasi, na hiyo ni nusu rasmi kabisa.

Kadiri karne zilivyokwenda, pwani ilijenga desturi nzito ya ufunguzi. Barua ilianza na anayeandikiwa, si na shida ya mwandishi. Ilianza kwa neno la Kiarabu lenye maana ya "kwenda kwa", ikafuata janabi au sheikh, zikafuata sifa: mpendwa, mtukufu, ndugu yetu. Kisha salamu, kisha "na baada ya salamu nakuarifu", kisha hali yangu njema na ninatumaini wewe kadhalika. Hapo ndipo biashara ya pembe, nguo au deni ilipoingia, na mwisho, wasalaam. Mjerumani Carl Büttner alikusanya barua za namna hiyo na kuzichapisha mwaka 1892, na anayezisoma leo anashangaa kukuta mtu anadai deni lake kwa ukali baada ya kumpamba mdaiwa kwa mistari minne ya heshima.

Kumbe ule wimbo wa "baada ya salamu, dhumuni la barua hii" haukutungwa na watoto wa shule za bweni. Ni mjukuu wa barua za pwani, aliyevua kilemba na kuvaa kaptula ya kaki.

Waandishi wengine wa siku hizi huona salamu ndefu kama kupoteza muda. Hawana haki kamili. Barua ya zamani ilipitia mikono mingi kabla ya kufika, na mara nyingi iliyefikishiwa hakuwa ndiye aliyeisoma. Karani au mwalimu wa chuo aliisoma kwa sauti. Salamu ndefu ilikuwa kama kubisha hodi na kungoja: mwenye nyumba apate nafasi ya kukaa vizuri, wasiohusika waondoke.

Boma, karani na "Bwana"

Bara herufi zilibadilika kabla salamu haijabadilika. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili, wakafungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890, na vijana waliotoka huko na shule zilizofuata wakasambazwa kama makarani na walimu. Huku Mara utawala huo ulikuwa na maboma yake, Shirati kando ya ziwa na Ikoma huku nyikani. Kwa watu wengi wa Ngoreme, karatasi ya kwanza yenye maandishi waliyowahi kuiona ilikuwa na muhuri na ilitaka kitu: kodi, wapagazi, mtu aliyetoroka. Haikuwa na habari za asubuhi.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza, "Bwana" lilikuwa limeshakaa. Kulikuwa na Bwana Shauri, Bwana Mganga, Bwana Shamba. Barua ya kwenda bomani ilianza "Bwana," na ikaisha "mimi mtumishi wako mtiifu". Maneno hayo ya mwisho yaliletwa na utaratibu wa ofisi za Kiingereza, ambako hata bwana mkubwa alimwandikia mdogo wake kuwa ni mtumishi wake. Kwa Kiingereza ilikuwa adabu tu. Kwa Kiswahili cha koloni ilisomeka kama ilivyo.

Karani wa baraza la mtemi ndiye aliyebeba mzigo mbaya zaidi. Alikaa katikati. Asubuhi alimwandikia Bwana Shauri kwa niaba ya mtemi, mchana akamwandikia mzee wa kijiji kwa niaba ya Bwana Shauri. Barua ya juu ilitaka "Bwana". Barua ya chini haikuwa na kielelezo chochote, maana mzee yule kwa lugha ya nyumbani alikuwa na salamu yake maalumu isiyoandikika kwa Kiswahili. Makarani wa namna hiyo, ambao hakuna aliyehifadhi majina yao, ndio waliolazimika kuamua nani aandikiwe salamu na nani apewe amri kavu.

Mwaka 1923 likaanza kutoka Dar es Salaam gazeti la Mambo Leo, na pamoja nalo ukumbi mpya wa barua za katikati, zile za kwenda kwa mhariri. Mhariri ni mtu usiyemjua ambaye unataka akufanyie hisani. Ndipo "Bwana Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti lako" ikawa mtindo. Tazama ujanja wake. Cheo kipo, ombi lipo, unyenyekevu upo, na salamu haikulazimishwa. Fomula hiyo ilidumu magazetini kwa miongo mingi.

Barua ya askari

Vita ya Pili ilipokuja, vijana wa Mara wakaandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles. Wakurya hasa walipata sifa ya uaskari ambayo hawajaivua mpaka leo. Batalioni za Afrika Mashariki zilikwenda Ethiopia, Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944. Askari ambaye kwao hakukuwa na sanduku la posta karibu akajikuta anahitaji kutuma barua kutoka misitu ya Asia mpaka nyumba ya nyasi ng'ambo ya Mto Mara.

Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo mwenzao mwenye kisomo aliandika. Kule nyumbani wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mwalimu au katekista alisoma. Katikati alikaa ofisa wa jeshi anayekagua. Barua ya mtu kwa mama yake ikapita kwenye vinywa na macho ya watu wanne kabla ya kumfikia. Unaweza kuandika siri gani hapo? Kilichobaki salama ni salamu. Nisalimie baba, nisalimie mama mkubwa, nisalimie wa nyumba ya juu, nisalimie na yule mtoto aliyezaliwa nikiwa nimeondoka. Kila aliyesikia jina lake alijua bado anakumbukwa, na aliyekosekana kwenye orodha alinuna mpaka barua nyingine ije.

Anayetaka kuelewa kwa nini Watanzania walikuja kupenda vipindi vya salamu redioni aanzie hapo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Salamu za Wagonjwa, na baada yake zikaja kadi za salamu, ambazo mtu alinunua, akajaza majina, akatuma studio, kisha akakaa kando ya redio ya mkulima siku nzima asikie jina lake likisomwa. Watu walipata umaarufu wa nchi nzima kwa kusalimia tu. Hakuna wimbo wala mchezo, salamu tupu, na ilikuwa burudani kamili.

"Ndugu" inaingia

Uhuru wa 1961 haukufuta "Bwana" siku hiyohiyo. Vyeo vya watemi viliondolewa mwaka 1963, na pamoja navyo yakaenda majina ya heshima yaliyokuwa juu ya barua zao. TANU ilikuwa imeshazoea kuitana "Ndugu", na baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, neno hilo likatoka kwenye mikutano ya chama likahamia ofisini, shuleni, mahakamani, mpaka kwenye tangazo la kulipia maji. Mkurugenzi ni Ndugu, mfagizi ni Ndugu. Mwanamke ni Ndugu, na hakuna anayeuliza kama ameolewa. Chini kabisa, mtu akasaini "wako katika ujenzi wa taifa".

Neno hili lilifanya kazi kubwa kuliko linavyopewa sifa. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Ringwani angeweza kumwandikia mkuu wa wilaya kwa neno lilelile ambalo mkuu wa wilaya angemwandikia yeye. Usawa huo ulionekana kwa macho, kwa wino. Na ulikuja wakati watu wengi zaidi walikuwa wanajifunza kushika kalamu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakajaa akina mama na wazee. Novemba 1974, palepale Musoma, halmashauri kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Kizazi kilichoingia shule kwa azimio hilo ndicho kizazi cha kina baba na kina mama wanaosomewa barua za posa sasa.

Lakini "Ndugu" lilikuwa na upofu wake. Halikuona nywele nyeupe. Mtu aliweza kumwandikia katibu kata "Ndugu" bila tabu, mpaka akumbuke kwamba katibu kata huyo ni mdogo wa baba yake, na jioni watakutana njiani, na pale njiani hatamwita Ndugu. Atasema shikamoo, kwa kichwa kilichoinama. Barua imesema hivi, mdomo unasema vile. Nani muongo?

Watu hawakungoja waraka wa serikali uwape jibu. Walichofanya ni kuweka vyote viwili. Juu, "Ndugu Mwenyekiti," kwa ajili ya faili. Mstari unaofuata, "Shikamoo." kwa ajili ya mtu. Kisha mambo yenyewe. Afisa mwenye elimu ya utumishi anaweza kuiona kama kosa la muundo, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuikata alama. Ukweli ni kwamba ni moja ya suluhisho safi kabisa ambazo lugha hii imepata. Cheo kimepata haki yake na umri umepata haki yake, kwa maneno matatu.

Wageni walilijua hilo pia, kwa njia ngumu. Wamisionari wa Maryknoll, Wamarekani, walifika eneo la Musoma mwaka 1946, na baadaye wakawa na shule ya lugha pale Makoko. Mgeni anayejifunza Kiswahili huanza na salamu, na hugundua mapema kwamba huwezi kuomba hata kiberiti kabla hujauliza nyumbani hawajambo.

Tukivuka mpaka kwa dakika moja, pale Sirari, Wakuria wa upande wa Kenya wanasoma katika mtaala mwingine. Mtoto wa huko huandika KUH au MINT mahali ambapo wa Tarime anaandika YAH, na "Ndugu" la kisiasa halikuota mizizi huko. Binamu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kumwandikia babu mmoja kwa mitindo ya nchi mbili. Babu anataka kusikia shikamoo tu.

Mheshimiwa arudi mjini

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchumi ukishafunguliwa, "Mheshimiwa" alianza kunenepa. Bungeni ndiko kwake, huko hana ubaya. Tatizo ni kwamba alitoka bungeni akapanda daladala. Diwani mheshimiwa, mwenyekiti wa mtaa mheshimiwa, mpaka mwenye gesti mheshimiwa. "Ndugu" lilianza kusikika kama neno la chama, au neno la polisi anapokusimamisha: ndugu, leseni yako iko wapi? Barua za katikati zikapoteza kiegemeo kwa mara nyingine.

Halafu ikaja simu. Meseji ya kwanza ilikuwa na herufi 160, na gharama yake ilikata salamu kama shoka. "Shkamoo" ilipoteza irabu yake ya kwanza hapo. Leo kwenye barua pepe na WhatsApp za kikazi kuna salamu mpya ya watu wasiojua umri wa mwenzao: "Habari za majukumu". Ni werevu wa mjini. Haimwinamii mtu, haimdharau, na haimlazimishi aseme ana miaka mingapi. Dada wa thelathini na tano anayechukia kuamkiwa shikamoo na mtu mwenye mvi ameokolewa na majukumu. Ila jaribu kumwandikia hivyo baba wa binti. "Habari za majukumu, naomba kumuoa mwanao." Faini yake itakuwa ndama.

Rudi sasa kwa kijana wetu wa Mwanza, maana saa tano imegonga.

Rafiki zake wamempa ushauri kwenye kundi lao. Mmoja amemtumia barua ya posa aliyoitoa mtandaoni, yenye lile ua zuri lililochanua bustanini mwenu. Mwingine amesema aweke "Mheshimiwa Baba Mkwe Mtarajiwa", maneno manne yanayogombana yenyewe kwa yenyewe. Wa tatu amesema aandike "Kwa Wahusika". Huyo wa tatu hajaoa, na inaonekana.

Aliyemfungua macho ni binti mwenyewe, kwa simu, kwa sauti ya chini ili nyumbani wasisikie. Kwanza amemuuliza: mbona unahangaika na baba tu, mama hayupo? Wengi wanaanguka hapo. Barua inafunguliwa kwa jina la baba, lakini anayeamua kama imeandikwa kwa adabu mara nyingi ni mama, aliyekaa upande na kanga yake, kimya. Salamu isiyomtaja imekwisha kabla haijaanza. Pili amemuuliza: kijijini wote wanamwitaje?

Wanamwita Mwalimu. Amestaafu siku nyingi, bado ni Mwalimu. Hata wazee wa kizazi chake wanamwita hivyo.

Na hapo kuna jambo ambalo mtu wa Mara hapaswi kufundishwa na mtu mwingine. Mtoto wa mtemi aliyetoka Butiama, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliongoza nchi kwa zaidi ya miaka ishirini, na jina lililomkaa halikuwa Mtukufu. Lilikuwa Mwalimu. Alitoka Ikulu mwaka 1985 na urais akauacha kwa mwingine, lakini jina halikubaki ofisini, lilikwenda naye Butiama. Alipofariki London, tarehe 14 Oktoba 1999, watu walimlilia Mwalimu. Ni cheo, lakini kina joto. Ni kazi, lakini mtu anaweza kukitamka kwa upendo bila kujipendekeza. Nchi nzima ilikuwa imepata neno la nusu rasmi, na lilitoka mwendo wa saa chache tu kutoka Ringwani.

Basi kijana akaacha kuogopa kuonekana mwanafunzi. Akaandika:

Kwa Mwalimu na Mama,
Shikamooni.

Akaruka mstari. Akaandika sentensi moja ya hali: kwamba yeye na wazazi wake ni wazima, na wanatumaini nyumbani kwa Mwalimu ni hivyo hivyo. Moja tu, si kumi, maana mwenye barua ya posa anayezidisha habari za afya anaonekana anaogopa kusema kilichomleta. Kisha akataja yeye ni mtoto wa nani, wa ukoo upi, kwa sababu kwa wazee wa Ngoreme hiyo nayo ni sehemu ya salamu: usipojitambulisha, hawajui wakuitikie vipi. Ndipo akaingia kwenye ombi. Bustani na maua aliyaacha mtandaoni.

Mshenga akaondoka na bahasha Jumamosi. Wazee wakakaa, mjomba mwenye miwani akasoma, akarudia "na Mama" mara mbili kwa sauti ya kupanda. Kanga ikatikisika kidogo upande wa pili.

Jibu likaja baada ya siku tisa, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Juu kabisa lilikuwa na neno moja, "Marahaba." Chini yake, kwamba barua imepokelewa na wazee wapange siku. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba tarehe haikuandikwa mwaka, na faini ya kosa hilo itatajwa siku ya ng'ombe.